Vihusishi vya Umbali vya Kiingereza na Mzungumzaji wa Kiswahili: Kosa Liko Wapi?

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa makosa ambayo walimu wa Kiingereza katika Afrika Mashariki huyasahihisha mwaka hadi mwaka bila kuyamaliza, makosa ya vihusishi yana nafasi ya pekee. Mwanafunzi aliyekwisha kumudu nyakati za vitenzi, na hata sentensi changamano, bado huandika *“near from the river”, *“close with the market” au *“five kilometres far from the town”. (Alama ya nyota hapa, kama ilivyo desturi ya wanaisimu, huonyesha umbo lisilokubalika.) Mwalimu hupiga mstari mwekundu, huandika kihusishi sahihi juu yake, na kazi huishia hapo. Mwanafunzi hurudishiwa daftari lake akiwa amejua kwamba amekosea, lakini hajajua kwa nini.

Makala haya yana dai moja. Tunadai kwamba makosa ya namna hii hayatokani na uzembe wa mwanafunzi, wala hayatokani na kile kinachoitwa ugumu wa asili wa vihusishi. Yanatokana na ukweli kwamba Kiswahili na Kiingereza vinautazama umbali kwa macho mawili tofauti: Kiswahili huuona umbali kuwa ni uhusiano baina ya vitu viwili, ilhali Kiingereza huuona kuwa ni safari yenye mwanzo na mwelekeo. Ikiwa dai hili ni sahihi, basi mahali pa kuanzia ufundishaji wa vihusishi hivyo ni sarufi ya Kiswahili, na wajibu wa kuieleza sarufi hiyo uko mikononi mwetu sisi tunaoitafiti lugha hii. Tutaonyesha pia kwamba jambo hili halihusu daftari za wanafunzi peke yake. Linagusa tafsiri, na hasa tafsiri ya sheria, ambamo kihusishi kimoja kinaweza kumnyima mtu haki yake au kumwongezea wajibu asiokuwa nao.

2.0 Umbali kama Uhusiano: Mfumo wa Kiswahili

Tuanze na jambo ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua bila kufundishwa. Tunasema “mbali na mji” na vilevile “karibu na mji”. Maneno mawili yenye maana zinazopingana yanachukua kihusishi kimoja, yaani “na”. Vitabu vingi vya sarufi vilivyoandikwa kwa ajili ya wageni huliorodhesha jambo hili kama mazoea ya kukaririwa. Kwa maoni yetu, si mazoea matupu. Lina mantiki yake, na mantiki hiyo huonekana pale maneno ya mahali yanapopangwa katika makundi mawili.

Kundi la kwanza ni la maneno yanayochukua kihusishi cha -a unganifu: juu ya, ndani ya, nje ya, mbele ya, nyuma ya, kando ya. Kundi la pili ni la maneno yanayochukua “na”: mbali na, karibu na, jirani na, mkabala na, sambamba na. Tofauti baina ya makundi haya ni ya kimaana. Katika kundi la kwanza, neno la mahali hutaja sehemu au upande wa kitu kinachorejelewa. Meza ina juu yake, nyumba ina ndani yake, mto una kando yake. Ndiyo maana -a unganifu, ambayo kazi yake kubwa ni kuonyesha umilikaji, hufaa hapo. Katika kundi la pili hakuna sehemu inayomilikiwa. Mji hauna “mbali” yake kama unavyokuwa na “ndani” yake. Neno “mbali” hutaja hali iliyopo baina ya vitu viwili vilivyo sawa katika uhusiano huo.

Jaribio rahisi la kuthibitisha jambo hili ni la kugeuza. Kitabu kikiwa juu ya meza, haiwezekani kusema kwamba meza iko juu ya kitabu. Lakini shule ikiwa mbali na soko, basi ni lazima soko nalo liwe mbali na shule. Na Kigamboni ikiwa mkabala na katikati ya jiji la Dar es Salaam, basi katikati ya jiji nako ni mkabala na Kigamboni. Uhusiano wa kundi la pili ni wa pande mbili. Na hapa ndipo tunapokutana na kitu kinachojulikana vizuri katika sarufi ya Kiswahili, yaani kauli ya kutendana. Vitenzi vya kauli hiyo navyo huchukua “na”: onana na, achana na, tengana na, tofautiana na, karibiana na. Vivumishi na vielezi vya ulinganishi hufuata mkondo huohuo: sawa na, tofauti na, kinyume na. Kwa hiyo “na” ya “mbali na” ni ileile ya “achana na”. Kazi yake ni kumtaja mshirika wa pili katika uhusiano, na wala haisemi lolote kuhusu mwelekeo.

Ushahidi mwingine unatokana na historia ya neno “karibu”. Neno hili lina asili ya Kiarabu. Katika Kiarabu, ukaribu huelezwa kwa kihusishi “min”, ambacho maana yake ya msingi ni “kutoka”: Mwarabu husema kwamba kitu ki karibu “kutoka” kitu kingine. Kiswahili kilipolipokea neno hilo hakikupokea kihusishi chake. Kililiingiza katika kundi ambalo tayari lilikuwa na “na”, kihusishi cha asili ya Kibantu. Laiti “na” ingekuwa ni mazoea ya neno “mbali” peke yake, lisingekuwapo shinikizo la kulifanya neno la kigeni lifuate njia hiyo.

Je, mwelekeo katika Kiswahili hubebwa na nini? Kwa sehemu kubwa hubebwa na kitenzi. Tazama sentensi tatu: “Alitoka shuleni”, “Aliingia shuleni”, “Alibaki shuleni”. Umbo “shuleni” halibadiliki. Kiambishi -ni hutuambia kwamba panazungumziwa mahali. Kitenzi ndicho kinachotuambia kama mtu anaelekea huko, anatoka huko au yuko huko. Hata “kutoka”, ambalo leo twalitumia kama kihusishi, ni kitenzi -toka kilichovaa ku-. Leonard Talmy, katika kazi yake ya mwaka 1983 kuhusu jinsi lugha zinavyoipanga dhana ya nafasi, na katika kazi nyinginezo, ameonyesha kwamba lugha za dunia hutofautiana kuhusu mahali zinapoiweka njia ya mwendo: baadhi huiweka katika mzizi wa kitenzi, na baadhi huiweka nje yake. Kiswahili kimo katika kundi la kwanza, Kiingereza katika la pili.

3.0 Umbali kama Safari: Mfumo wa Kiingereza

Katika Kiingereza, maneno ya umbali hugawanyika kulingana na mwelekeo. Maneno ya utengano huchukua “from”: “far from”, “away from”, “distant from”, “a long way from”. Maneno ya ukaribu huchukua “to”: “close to”, “next to”, “adjacent to”, “nearer to”. Ni kama kwamba msemaji anapotaja kitu kilicho mbali huanza safari yake kwenye kitu cha rejea na kuondoka. Na anapotaja kitu kilicho karibu huanza safari kwingineko na kukijongelea kitu cha rejea. Kitu chenyewe kinaweza kuwa kimetulia, kama vile nyumba au mlima. Msafiri ni macho au mawazo ya msemaji.

Mgawanyiko huu hauishii katika umbali wa ardhini. Unaonekana pia katika umbali wa kimawazo: “different from”, “separate from”, “absent from”, “free from” kwa upande mmoja, “similar to”, “equal to”, “related to” kwa upande mwingine. Mwanafunzi akifahamishwa kwamba “from” ni kihusishi cha kutengana na “to” ni kihusishi cha kukaribiana, maneno mengi ambayo angeyakariri moja moja yatajipanga yenyewe katika familia mbili. Na mahali ambapo Kiswahili kinasema “tofauti na” na “sawa na”, atatambua kwamba tatizo lake ni lilelile la “mbali na” na “karibu na”.

Yafaa tukiri kwamba utaratibu huu una vighairi. Waingereza wengi husema “different to”, na Wamarekani wengi husema “different than”. Neno “identical” hukubali “to” na “with” pia. Neno “near” nalo lina tabia ya pekee, kwa sababu mara nyingi halichukui kihusishi chochote: “near the school”. Lakini hata kighairi hiki kina maelezo. “Near” ni neno la asili la Kiingereza. Hapo kale lilikuwa umbo la ulinganishi la neno ambalo leo ni “nigh”, na “next” ni umbo la upeo la neno hilohilo. Katika Kiingereza cha Kale nomino iliyofuata neno hilo ilikuwa na alama ya uhusika iliyobeba maana inayokaribiana na ile ya “to”. Alama hizo zilipopotea, neno “near” lilibaki likisimama mbele ya nomino bila kiungo. “Close”, kwa upande wake, liliingia kutoka Kifaransa, na likahitaji “to” kuliunganisha na nomino. Mwanafunzi hana haja ya kuijua historia yote hii. Lakini mwalimu anayeijua hatalazimika kujibu swali la mwanafunzi kwa kusema kwamba Waingereza wameamua hivyo tu.

Ni vyema pia tusiutukuze mfumo wa Kiingereza kana kwamba ndio mantiki yenyewe. Kifaransa husema “loin de” kwa kilicho mbali na “près de” kwa kilicho karibu, kihusishi kikiwa kimoja kwa yote mawili. Mzungumzaji wa Kiswahili wa Lubumbashi au Bujumbura, ambaye hujifunza Kifaransa shuleni, hukuta kwamba kihusishi chake kimoja cha “na” kinajibiwa na kihusishi kimoja cha “de”. Mwenziwe wa Morogoro au Nakuru, anayejifunza Kiingereza, hukuta kwamba “na” yake inapaswa kupasuliwa vipande viwili. Kinachomsumbua huyu wa pili ni kwamba lugha anayojifunza inamdai achague mahali ambapo lugha yake haijawahi kumdai chaguo.

4.0 Vipimo Vinapoingia

Hali hubadilika pale umbali unapotajwa kwa kipimo, na mabadiliko hayo yana manufaa makubwa kwa mwalimu. Hatusemi kwa kawaida *“Bagamoyo iko kilometa 70 na Dar es Salaam”. Twasema “Bagamoyo iko umbali wa kilometa 70 hivi kutoka Dar es Salaam”. Kipimo kinapoingia, Kiswahili nacho huuona umbali kuwa ni safari, na “kutoka” huchukua nafasi ya “na”. Hapa lugha mbili zinakutana: “about 70 kilometres from Dar es Salaam”. Mwalimu mwerevu ataanzia hapa. Atamwonyesha mwanafunzi kwamba “from” ya umbali si mgeni kwake. Ni “kutoka” anayoijua. Kisha atamwambia kwamba Kiingereza hutumia “kutoka” hiyo hata pale kipimo kisipotajwa, yaani pamoja na neno “far”.

Kutoka hapo ni rahisi kuliondoa kosa la *“five kilometres far from the town”. Neno “far” ni jibu lisilo na namba la swali la umbali. “Five kilometres” ni jibu lenye namba. Jibu moja likishachukua kiti, la pili halina pa kukaa. Kinachoruhusiwa kusimama baada ya namba ni “away”, kwa sababu “away” halipimi chochote. Hutaja kuondoka tu. Kwa hiyo “five kilometres from the town” na “five kilometres away from the town” zote ni sahihi.

Nomino “distance” nayo ina njia zake. Tunapotaja ncha mbili, Kiingereza husema “the distance from A to B” au “the distance between A and B”, kama vile Kiswahili kinavyosema “umbali wa kutoka A hadi B” au “umbali kati ya A na B”. Hapa mifumo miwili inalingana kabisa. Hata hivyo twasikia *“between A to B” katika Kiingereza cha wanafunzi, na twasikia “kati ya A hadi B” katika Kiswahili cha watangazaji na watu wazima. Kosa hili halitokani na tofauti za lugha. Linatokana na kuchanganya miundo miwili ya lugha hiyohiyo. Ni ukumbusho mzuri wa hoja aliyoitoa S. Pit Corder mwaka 1967, kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazojijengea mwenyewe, na si mwangwi wa lugha yake ya kwanza peke yake.

Zipo pia tungo tatu ambazo Kiswahili huzifunika kwa tungo moja, “kwa mbali”. Mtu anaposimama pembeni asikaribie, Kiingereza husema yuko “at a distance”. Anapotazama jambo akiwa mahali palipo mbali, hulitazama “from a distance”. Kitu chenyewe kinapoonekana huko mbali, mathalani mlima au moshi, kiko “in the distance”. Hapa tena vihusishi vitatu vinafanya kazi ambayo katika Kiswahili hufanywa na muktadha na kitenzi: alijitenga, alitazama, ulionekana.

Mwisho, kuna dira. Jiografia ya shule hutaka mwanafunzi atofautishe “Arusha is in the north of Tanzania” na “Kenya is to the north of Tanzania”. Wanafunzi wengi huzichanganya, na si ajabu, kwa kuwa vitabu vyetu vya Kiswahili navyo huandika mara kwa mara kwamba Kenya iko “kaskazini mwa Tanzania”. Lakini Kiswahili kina chombo cha kuonyesha tofauti hiyo. Ngeli ya MU- ni ya undani: Arusha iko kaskazini mwa Tanzania kwa sababu imo ndani yake, Kenya iko kaskazini ya Tanzania kwa sababu iko nje yake. Tukiitunza tofauti hii katika maandishi yetu, “in” na “to” hazitakuwa kitendawili kwa watoto wetu.

5.0 Mitego ya Tafsiri

Mtu anaweza kuuliza: je, kuna hasara gani iwapo mwanafunzi ataandika “near from”? Msomaji si atamwelewa? Huenda atamwelewa. Lakini mkanganyiko uleule ukipanda kutoka daftarini hadi mezani pa mfasiri, hasara huwa kubwa.

Chukua “far from”. Katika Kiingereza tungo hii, mbali na maana yake ya mahali, hutumiwa kukanusha. Sentensi “Far from helping the farmers, the tax ruined them” ina maana kwamba kodi haikuwasaidia wakulima hata kidogo. Katika Kiswahili, “mbali na” nayo ina maana ya pili, lakini ni ya kuongeza, kama tulivyoitumia sasa hivi katika aya hii. Mfasiri anayeandika “Mbali na kuwasaidia wakulima, kodi hiyo iliwaangamiza” amemwambia msomaji wake kwamba kodi iliwasaidia wakulima, na juu ya hayo ikawaangamiza. Amegeuza kanusho kuwa kiri. Tafsiri inayofaa ni “Badala ya kuwasaidia wakulima, kodi hiyo iliwaangamiza.” Sababu ya mtego huu ni ileile tuliyoieleza: “from” hutenga, na kutenga kunaweza kufika hadi kukana, “na” huunganisha, na kuunganisha huishia katika kuongeza.

Mtego mwingine uko katika “karibu”. “Karibu wanafunzi mia” ni kadirio la idadi. “Karibu na wanafunzi mia” ni mahali. “Close to” ya Kiingereza hubeba maana zote mbili, na mfasiri anayeifasiri kwa “karibu na” kila anapoikuta huwaweka watu mahali ambapo alitakiwa kuwahesabu tu.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni “within”. Tungo “within sixty metres of the river” hutaja eneo lote linaloanzia ukingoni mwa mto hadi kufikia mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa ndani ya kiasi hicho cha mita 60. Sasa tazama namna agizo kama hilo linavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili. “Ni marufuku kujenga umbali wa mita 60 kutoka mtoni” hutaja, kwa maana yake halisi, mstari mmoja ulio mita 60 kutoka mtoni, na haisemi lolote kuhusu mita 10 au mita 30. “Ni marufuku kujenga ndani ya mita 60 za mto” ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Msomaji anabaki akijiuliza mto una mita 60 zipi. Kiswahili kina njia yake iliyo wazi: “Ni marufuku kujenga mahali popote palipo umbali usiozidi mita 60 kutoka ukingo wa mto.” Kitenzi -zidi, katika kanusho, hufanya kazi yote ambayo Kiingereza hukipa kihusishi. Ni mfano mwingine wa Kiswahili kuweka maana katika kitenzi.

Kwamba maneno ya umbali yanaweza kuwa na uzito wa kitaifa, Watanzania walijionea wenyewe katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015. Mabishano yalizuka kuhusu mita 200: je, wapiga kura waliruhusiwa kubaki nje ya kipimo hicho kutoka kituoni baada ya kupiga kura? Kiini cha mabishano kilikuwa kifungu cha 104 cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi iliyokuwa ikitumika wakati huo, kifungu kilichotaja mikutano siku ya kupiga kura, uvaaji wa alama za kuunga mkono wagombea, na eneo la nusu kipenyo cha mita 200 kutoka kwenye jengo. Suala lilifika Mahakama Kuu. Hapa si mahali pa kujadili siasa ya jambo hilo. Tunalolisema ni kwamba swali lililowagawa watu lilikuwa, kwa sehemu kubwa, swali la sarufi: tungo ya umbali inafungamana na sehemu gani ya sentensi, na inaacha nini nje yake?

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, kazi ya kuzihamishia sheria katika Kiswahili imekuwa wajibu wa taifa. Sheria za ardhi, mazingira, barabara, madini na uvuvi zimejaa tungo za umbali. Mwananchi ambaye nyumba yake iko mita 55 kutoka mtoni anastahili kusoma sheria ambayo kihusishi chake hakimdanganyi.

6.0 Hoja za Wanaopinga

Tunajua kwamba maoni haya hayatawaridhisha wote. Wapo watakaosema kwamba vihusishi ni nahau, navyo hukaririwa tu. Hoja hii ina ukweli kiasi, na tumekwisha kutaja vighairi. Lakini kukariri kusikotanguliwa na kuelewa ni kupanga mizigo gizani. Mwanafunzi mwenye kanuni na vighairi vitano ana nafuu kuliko mwanafunzi mwenye vighairi hamsini visivyo na kanuni.

Wapo pia watakaosema kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza, na kwamba kukiingiza Kiswahili darasani ni kumrudisha mwanafunzi nyuma. Twajibu kwamba Kiswahili kimo darasani hata kikifukuzwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania amesoma masomo yake kwa Kiswahili kabla ya kuingia sekondari, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Anapoingia, “na” yake anaingia nayo. Robert Lado alikwisha kueleza mwaka 1957 kwamba mwanafunzi huhamishia katika lugha mpya maumbo na maana za lugha yake. Tunaweza kuujadili upeo wa hoja ya Lado, kama Corder na wengine walivyofanya. Lakini hatuwezi kumtendea mwanafunzi kana kwamba amekuja mtupu.

Wapo, mwisho, watakaosema kwamba suala hili ni la idara za Kiingereza. Hoja hii ndiyo tunayoipinga kwa nguvu zaidi. Maelezo ya kwa nini Kiswahili husema “karibu na” hayawezi kutolewa na mtaalamu wa Kiingereza. Ni kazi yetu. Tukiiacha, itafanywa na kamusi za kufasiri neno kwa neno, ambazo zitaendelea kumwambia mtoto kwamba “na” ni “with”, kisha tumlaumu anapoandika *“close with the market”.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vihusishi vya umbali vya Kiingereza vina utaratibu, kwamba Kiswahili nacho kina utaratibu wake ulio tofauti, na kwamba kosa la mwanafunzi liko katika pengo baina ya taratibu hizo mbili. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, sarufi za Kiswahili zinazoandikwa kwa ajili ya sekondari na vyuo ziache kuyaorodhesha maneno ya mahali mfululizo, na badala yake ziyapange katika makundi ya “na” na ya -a unganifu pamoja na sababu ya mgawanyo huo. Pili, wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wazingatie uchanganuzi linganishi wa vihusishi, wakitumia data halisi za insha na za tafsiri. Uwanja huu bado ni mpana na wafanyakazi ni wachache. Tatu, wanaofasiri sheria washirikiane na wanaisimu katika kuweka miundo sanifu ya tungo za umbali, ili “usiozidi”, “usiopungua” na “kutoka” ziwe na maana moja katika kila sheria.

Mwalimu anayepiga mstari mwekundu chini ya kihusishi anafanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumweleza mwanafunzi kwamba lugha yake mwenyewe ilimwongoza kwa mantiki iliyo sahihi kwake, na kwamba lugha nyingine inadai mantiki nyingine. Nusu hiyo ndiyo ambayo sisi wa Kiswahili bado tunadaiwa.